Usingizi wa dawa una saa zake

Usingizi unaoletwa na dawa za akili haufanani na wa mtu aliyechoka. Wa uchovu ukilala unaisha. Huu wa dawa unaweza kulala tangu isha hadi jua limepanda, ukaamka na kichwa kizito na mdomo mkavu, na kabla ya saa 4 asubuhi tayari unasinzia mbele ya wateja. Nimeishi nao kwa miaka hapa Arua, Uganda, mtaa wa Oli, nikiwa mama, mpika maandazi na mgonjwa wa baipola, maradhi yanayompandisha mtu moyo kupita kiasi kisha yakamwangusha. Nawaandikia walio katika miezi ya mwanzo ya matibabu pamoja na jamaa zao, kwa sababu katika miezi hiyo nimeona wengi wakitupa dawa kwa ajili ya usingizi huu, kisha wakarudishwa hospitalini wakiwa wamefungwa kamba.

Kwanza niseme jambo ambalo husahaulika upesi: mwanzoni usingizi ule ulikuwa tiba yenyewe. Nilipougua sikulala. Usiku kucha nilifua nguo zilizokwisha kufuliwa, nikaimba, nikapanga safari za kwenda Ariwara na Juba kununua mali bila shilingi mkononi, nikawagawia majirani makarai na birika za biashara yangu. Ndugu zangu walinipeleka hospitali, nikaanzishiwa klopromazini, dawa ya kutuliza akili, asubuhi, mchana na usiku, pamoja na kabamazepini, ya kuzuia moyo usipande na kushuka. Nikalala. Mama yangu alikaa kando ya kitanda akimshukuru Mungu kwa kila saa niliyolala, na alikuwa na haki, kwa kuwa akili iliyopanda namna ile haishuki bila usingizi.

Kisha akili ikarudi na usingizi ukabaki. Hapo ndipo mateso yalipoanza, na hapo ndipo nilipokosa mtu wa kunieleza kitu. Nyumbani waliniona nimepona: naongea vizuri, nahesabu pesa sawasawa, nawajua watoto wangu. Kwao kilichobaki kilikuwa uvivu. Shangazi yangu, anayenipenda sana, alinikalisha siku moja akaniambia, "Mwanangu, ugonjwa umekwisha, sasa jitahidi." Nilijitahidi mpaka nikalia. Mtu hawezi kujitahidi akaishinda kemikali iliyomo ndani ya ubongo wake, sawa na mwenye malaria asivyoweza kujitahidi akashusha homa.

Aliyenieleza mambo yakaeleweka ni afisa wa kliniki ya akili, kijana mtaratibu ambaye hakunionyesha kwamba foleni nje ni ndefu. Alisema ubongo una kemikali iitwayo histamini, na mojawapo ya kazi zake ni kutuweka macho. Klopromazini huizuia kufanya kazi hiyo. Akaniuliza kama nimewahi kumeza Piriton kwa mafua nikasinzia. Nikamjibu, nani hajawahi? Akasema chanzo ni kilekile, tena dawa hizi mbili ni za ukoo mmoja: klopromazini ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1950 katika utafiti wa dawa za kuzuia histamini, na mwaka 1952 madaktari wa Paris wakaanza kuitumia kwa wagonjwa wa akili. Kwa hiyo usingizi umo ndani ya dawa tangu kuzaliwa kwake. Haukuletwa na tabia yangu. Sikumbuki kama kuna neno la daktari lililowahi kunituliza kama hilo.

Alinieleza pia kwamba usingizi na uponyaji haviendi kwa mwendo mmoja. Usingizi huja ndani ya saa chache baada ya kumeza, na kwa watu wengi hupungua mwili ukishazoea, baada ya siku kadhaa au wiki. Kazi ya kutuliza ugonjwa huenda polepole na kwa muda mrefu zaidi. Tena klopromazini haitoki mwilini haraka: baada ya takriban saa 30 nusu yake bado imo. Ndiyo maana wagonjwa wengi hawahitaji kuigawa mara tatu kwa siku hali ikishatulia, na dozi yote inaweza kuwekwa usiku. Hiyo ya asubuhi na mchana, ambayo ilifaa nilipokuwa nimepandwa, ndiyo iliyokuwa inanilaza mezani. Alinihamishia yote usiku siku ileile. Nasisitiza kwamba yeye ndiye aliyehamisha, baada ya kuangalia kadi yangu na kunipima shinikizo la damu. Kuna dawa zisizotakiwa kumezwa zote kwa mpigo, na kuna nyingine, kama ile ya kulegeza misuli iitwayo benziheksoli, ambazo zikimezwa usiku zinaweza kumnyima mtu usingizi.

Lakini "usiku" ni neno pana. Nilikuwa nameza saa 4 usiku, nikimaliza vyombo na watoto wamelala, halafu natakiwa kuamka saa 10 alfajiri kuwasha sigiri. Afisa aliniuliza maswali mepesi: unameza saa ngapi, unasinzia saa ngapi, unaamka saa ngapi, mchana unazidiwa saa ngapi? Sikuwa na majibu. Akanituma nikaandike. Nilichukua daftari la shule la mwanangu lililobaki kurasa, nikawa naandika nyakati hizo nne kila siku mpaka kliniki iliyofuata. Kurasa zile zilionyesha wazi kwamba usingizi wangu haukuwa wa siku nzima kama nilivyodhani. Ulikuwa na vilele viwili: mmoja tangu alfajiri hadi karibu saa 3 asubuhi, mwingine baada ya chakula cha mchana. Katikati nilikuwa mtu kamili. Ningeulizwa kabla ya kuandika, ningeapa kwamba nasinzia kutwa.

Tukasogeza dawa hadi saa 1 usiku, mara tu baada ya magharibi na chakula. Saa 3 nimelala, saa 11 alfajiri naweza kuamshwa. Mabadiliko hayo hayakugharimu hata shilingi moja. Yaligharimu kitu kingine: jioni zangu. Kwetu jioni ndiyo saa ya wageni, ya harusi na ya kuketi barazani na wakwe, na mimi saa 3 sipo. Ilibidi niwaambie watu. Kwa majirani nilisema nina dawa ya usiku, basi. Kwa dada zangu nilisema yote, na wao ndio wanaonitetea ninapoondoka mapema kwenye shughuli.

Kazi ndiyo iliyonisumbua zaidi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana ushauri mwingi niliousikia ulitolewa kana kwamba wagonjwa wote ni waajiriwa wa ofisini wenye viti na likizo. Mpika maandazi anashughulika na moto wa makaa na karai la mafuta yanayochemka, na saa ya kuyachoma ndiyo saa ileile ambayo kichwa chake ni kizito kuliko zote. Kusinzia juu ya mafuta hakuna kusamehewa. Nililazimika kuivunja kazi vipandevipande na kuipanga upya kwa kufuata daftari. Unga naukanda baada ya alasiri, wakati nina nguvu, kwa hamira kidogo ili uumuke taratibu usiku kucha. Alfajiri binti wa marehemu dada yangu, ambaye ni mkubwa sasa na ninamlipa, ndiye anayesukuma na kuchoma. Mimi nashika meza kuanzia saa 3, nauza, napokea pesa, naongea na watu. Nilipoteza wateja wa alfajiri wa stendi ya bodaboda kwa muda, kwa kuwa binti alikuwa bado mgeni, na miezi ile tulikula kwa kubana. Kwa upande mwingine nikawapata wafanyabiashara wa sokoni wanaotaka chai ya saa 4. Mapato ya leo hayajafika ya zamani, lakini ni ya kila siku, na ya zamani yalikatizwa na kulazwa.

Kuna kijana jirani yetu, mwendesha boda, anayetumia dawa kama zangu. Yeye hana karai, ana pikipiki na abiria mgongoni. Kwake kusinzia hata kidogo kunahatarisha watu wawili au zaidi. Afisa alimwambia waziwazi asiendeshe katika wiki za mwanzo wala kila dozi inapobadilishwa, mpaka wahakikishe yuko macho. Kwa kijana anayelipa pikipiki ya mkopo, maneno hayo yanauma. Jamaa zake walikaa, kaka yake akaendesha pikipiki ileile, naye akawa anapakia na kupakua mizigo sokoni. Baadaye alirudi barabarani, kwa saa za mchana tu. Sijui familia ngapi zingeweza kupanga hivyo. Najua kwamba bila kaka yule angechagua kati ya dawa na pikipiki, na angechagua pikipiki.

Wenzake stendini walikuwa na ushauri wao: mairungi, yaani miraa. Hapa Uganda majani hayo hayatafutwi mbali, na dereva anayetaka kukesha anajua pa kuyapata. Kwa mtu wa dawa za akili ni hatari kweli. Kiini cha mairungi hufanya kazi kwa jinsi iliyo karibu na ya amfetamini, dawa ya kusisimua: huongeza kemikali iitwayo dopamini katika ubongo, na dopamini ndiyo hasa ambayo dawa zetu zinaizuia. Anayetafuna huku anameza anajenga na kubomoa kwa wakati mmoja, na ugonjwa unaweza kurudi ukiwa mkali. Nawaomba vijana wanaosoma haya, mweleze daktari kama mnatafuna, hata kama mnaona haya. Hawezi kupanga dawa vizuri bila kujua.

Kahawa mimi nakunywa, yenye tangawizi, kama tulivyolelewa. Inasaidia saa ya kwanza ya asubuhi. Lakini haiondoi dawa, inaficha usingizi kwa muda, na nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Nikinywa jioni, usiku wangu unaharibika na kesho yake ni mbaya maradufu, kwa hiyo baada ya saa 8 mchana siigusi. Wanaotumia olanzapini, dawa nyingine ya akili, waulize kliniki kuhusu sigara pia: moshi wa sigara unaharakisha ini kuiondoa dawa hiyo, na mtu akiacha kuvuta ghafla dawa inaweza kumzidia akalala mno. Wanaotumia lithiamu, dawa nyingine ya baipola, nao wasibadili kiasi cha kahawa kwa ghafla. Pombe, iwe waragi au ya kienyeji, inazidisha usingizi mara nyingi na inaweza kuzuia pumzi. Tena angalieni dawa za mafua na mizio za dukani. Nilipokuwa na mafua mwuza dawa alitaka kunipa Piriton, nikamtajia dawa zangu, akairudisha kabatini.

Kilele cha pili, kile cha baada ya chakula, sikukipigania. Nilikipa nafasi yake. Nalala kidogo baada ya adhuhuri, kama nusu saa, na binti ananiamsha hata nikimnung'unikia. Nikizidisha, naamka mzito zaidi na usiku siupati vizuri. Chakula kizito cha mchana nimepunguza. Enyasa, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa angara naila jioni, mchana nakula kidogo. Asubuhi nikishaamka natembea kwenye mwanga, hata kwenda kisimani na kurudi, huku nimejifunika vizuri kwa sababu klopromazini inafanya ngozi iungue upesi na jua.

Kuna kizunguzungu kinachoandamana na usingizi huu, na watu wengi hudhani ni kitu kimoja. Dawa inalegeza mishipa ya damu, kwa hiyo ukiinuka ghafla damu haiwahi kufika kichwani. Mimi nilikigundua katika sala. Kuinuka kutoka sijida kwenda kusimama kulinifanya nione giza, na nikaanza kuogopa kusali peke yangu. Afisa alinielekeza niinuke kwa hatua na ninywe maji ya kutosha, na wakati wa kuamka nikae kwanza ukingoni mwa kitanda. Shehe wetu naye akaniruhusu kusali nimekaa siku ambazo hali ni mbaya.

Na alfajiri je? Hili liliniumiza kuliko biashara. Tangu utotoni bibi yangu alituamsha kwa sala ya alfajiri, na sasa adhana inaita mimi siisikii kabisa. Nilimwendea shehe nikiwa na hatia moyoni. Alinikumbusha hadithi ya Mtume kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili mpaka arudiwe na akili yake. Akasema, nawe katika ugonjwa wako umekuwa wawili kati ya hao, basi ukiamka sali, wala usiitupe dawa kwa ajili ya sala, kwani dawa ndiyo inayokuwezesha kusali ukijua unachosema. Tangu hapo sijawahi kulaumu dawa yangu kwa jambo la dini. Naomba maimamu na wachungaji wanaosikilizwa na wagonjwa waseme maneno kama hayo hadharani.

Ramadhani inahitaji mpango wake kabla ya mwezi kuandama. Kwangu ni rahisi, kwa kuwa futari inaangukia saa yangu ya dawa. Tarawehe nasali nyumbani, fupi, kabla sijazidiwa. Anayemeza mara mbili kwa siku lazima aonane na daktari mapema, na mwenye lithiamu zaidi ya wote, kwa sababu kukosa maji mwilini kunaweza kuifanya dawa hiyo kuwa sumu.

Jambo linaloharibu mipango yote hii ni dawa kuisha kwenye vituo vya serikali. Unafika na kadi yako, unaambiwa urudi wiki ijayo au ukanunue mjini. Baada ya kukatizwa hata kwa muda mfupi, mwili unasahau mazoea, na ukianza tena usingizi wa siku za mwanzo unarudi na nguvu zake zote. Au unapewa dawa nyingine badala yake, na dawa hazilingani: haloperidoli inalaza kidogo kuliko klopromazini, lakini inaweza kukakamaza misuli au kuifanya miguu isitulie hata ukikaa. Ndiyo maana naweka akiba ya pesa ya dawa katika kopo lake, kando na pesa ya unga, na naenda kliniki kabla ya kidonge cha mwisho. Ukibadilishiwa dawa, uliza palepale: hii inalaza kiasi gani, na niimeze saa ngapi? Maswali hayo mawili hayamuudhi mhudumu mwema.

Baada ya muda mrefu wa utulivu afisa alinipunguzia dozi kwa hatua, na asubuhi zangu zikawa nyepesi. Hakukubali kupunguza nilipoomba mara ya kwanza. Alitaka kwanza aone msimu mzima bila dalili, na alimwuliza pia binti anayeishi nami jinsi ninavyolala. Nilisubiri. Kabla ya hapo aliagiza nipimwe damu na malaria, kwa maana si kila usingizi wa mgonjwa wa akili ni wa dawa: upungufu wa damu unalaza, tezi ya shingo isiyofanya kazi inalaza, na huzuni ya ugonjwa wenyewe inalaza. Mwenye kukoroma sana na kuongezeka uzito aseme pia, kwani anaweza kuwa anakatikiwa na pumzi usiku bila kujua.

Nimalize na zile hali ambazo jamaa wa nyumbani lazima wazijue, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hatakuwa na uwezo wa kuzisema. Mtu asiyeamka hata akitikiswa, au anayepumua kwa shida. Mtu mwenye homa kali, mwili umekakamaa kama ubao na akili imechanganyikiwa. Anayetumia kabamazepini akaanza kuyumba, kuona vitu viwiliviwili au kutoka vipele mwilini. Anayetumia lithiamu akaanza kutetemeka sana, kutapika na kuharisha. Hayo si ya kusubiri siku ya kliniki wala ya kumwacha alale mpaka asubuhi. Tafuteni gari, na kama hakuna, boda, mgonjwa akae katikati na mtu mwingine nyuma wa kumshika, mwende usiku huohuo mkiwa na kadi yake na pakiti zote za dawa anazotumia.